Mizinga ya Kwa Ndululu

Siku hizi hakuna mtu Mbumbuni anayejua kama bahari imejaa au imekupwa. Zamani soko zima lilijua. Nzilani wa Kisilu alikuwa akikaa upande wa wauza nafaka, gunia la pojo mbele yake na jingine la mbaazi, na katikati ya kumpimia mteja aliinua uso akasema, kama mtu anayetaja kwamba mbuzi wa jirani wamepita, "Maji yanaanza kutoka sasa." Kisha akaendelea kupima.

Mbumbuni hakuna bahari. Kuna vilima, kuna matuta ya mashamba, kuna mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha vizuri na kuyapoteza kabla watoto hawajachoka kuyachezea. Lakini Nzilani alihesabu kwa mwezi, kama alivyofundishwa utotoni: mwezi ukiandama, bahari hujaa alasiri, saa kumi hivi, na kila siku inayofuata huchelewa kidogo. Wageni walimcheka. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuacha kucheka, na wapo waliosikia kauli yake wakajua ni wakati wa kufunga biashara. Tangu alipoondoka, mahali pake pamekaliwa na mwanamke auzaye sufuria. Alasiri zinapita bila mtu kuzitaja.

Nzilani alizaliwa Kwa Ndululu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara. Wanaoishi pale leo hawalijui jina hilo. Miaka ya thelathini ilipoanza, pale palikuwa pori lenye nyumba chache ndani yake. Baadhi zilikuwa za Wakamba waliotelemka na mbuzi wa kuwauzia wachinjaji wa kisiwani, wakakuta nyasi nzuri, wakaahirisha kurudi mpaka kurudi kukasahaulika. Nyingine zilikuwa za Wadigo. Kati ya nyumba na nyumba vichaka vilikuwa virefu, hata Mbula, mamake Nzilani, alipotaka kwenda kuomba chumvi kwa jirani alipiga kelele kwanza ili nguruwe mwitu wapishe njia.

Njia zote zilikuwa za miguu. Moja ilikwenda kisimani. Moja ilikwenda kwenye mikorosho, ambako watoto walichoma korosho na maganda yake mpaka midomo ikababuka, na kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba wake ndio umeharibika zaidi. Iliyopendwa kuliko zote ilishuka kwenye mikoko. Maji yakikupwa, matope yalitoa harufu nzito ambayo mgeni aliizibia pua, lakini Nzilani alikua akidhani ndiyo harufu ya hewa yenyewe. Kaa walitoka mashimoni na kunyanyua mkono mmoja mwekundu kana kwamba wanasimamisha gari moshi. Juu ya mizizi kulikuwa na chaza. Watoto waliwabandua kwa msumari wakawala wabichi, halafu wakajifuta midomo vizuri kabla ya kurudi nyumbani, kwa kuwa Kisilu, babake Nzilani, alishikilia kwamba kitu kisicho na kwato si chakula.

Jirani yao wa karibu alikuwa Bi Mumina, mjane wa Kidigo aliyekaanga vitumbua asubuhi na kusengenya jioni. Ndiye aliyemfundisha mtoto hesabu ya maji.

"Bahari ina adabu, mwanangu," alimwambia. "Haiji bila kubisha hodi. Utazame mwezi, utajua inakuja saa ngapi. Babako angeijua bahari asingefunga mbuzi pale chini wakaogeleshwa."

"Mbuzi wangu walikwenda kuoga kwa hiari yao," Kisilu alijibu toka upande wa pili wa kichaka.

Kisilu alikuwa na mbuzi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mizinga. Alichonga magogo, akayatoboa katikati, akayaziba ncha, na ubavuni mwa kila mzinga akachoma kwa chuma cha moto alama ya ukoo wake, upinde na mistari miwili chini yake. Aliitundika juu ya mikwaju na mibambakofi iliyopakana na mikoko. Mtoto wa kiume hakuwa naye wakati huo, kwa hiyo Nzilani ndiye aliyemfuata na kibuyu na kitita cha moshi. Wazee wa kwao wangeshangaa kuona msichana karibu na mzinga. Kisilu alisema wazee wako mbali. Asali ya maua ya mikoko ilikuwa nyeusi kidogo, tamu, na nyuma ya ulimi ilibaki chumvi, kidogo sana, ya kukufanya ulambe tena uhakikishe.

Kwa Wakamba wa siku zile mzinga ulisema mambo ambayo mtu hakuhitaji kuyasema. Mti wenye mzinga wako hakuna augusaye. Aliyeiba asali aliogopwa kuliko aliyeiba ng'ombe. Na mtu aliyetundika mizinga mahali, akarina kila msimu bila kukosa, watu walijua kwamba mahali pale pana mwenyewe, hata kama amesafiri. Kisilu hakufundishwa jambo hilo. Alizaliwa akalikuta, kama alivyolikuta jua.

Mwaka wa thelathini na sita walikuja watu wenye minyororo ya kupimia. Walipita katikati ya mihogo ya Mbula bila hodi, wakapigilia vigingi vilivyopakwa chokaa kichwani. Ikajulikana kwamba kampuni fulani ya mafuta inataka mahali pa kuweka matangi. Wenye vipande vya ardhi waliambiwa waende ofisini kisiwani wajiandikishe. Watu walikwenda. Walivaa kanzu zao safi, wakavuka, wakarudi na karatasi.

Kisilu hakwenda. Alichonga mizinga. Alichonga asubuhi mpaka jioni, akawa anaitundika kuzunguka mpaka wa vigingi, mzinga juu ya kila mti uliokaribiana na kigingi.

Bi Mumina alisimama chini yake, mikono kiunoni. "Kisilu! Watu wako ofisini, wewe unaparamia miti kama kima."

"Mimi nimekwisha kujiandikisha, Bi Mumina. Tazama juu."

"Wazungu hawasomi miti, bwana."

"Watajifunza."

"Shuka uende ofisini, nakuomba. Nitakushikia mbuzi mimi mwenyewe."

Hakushuka kwa ombi lake. Alishuka kwa tawi lililokatika, na mguu wake ukavunjika mahali pabaya, chini ya goti. Alilazwa ndani, mguu umefungwa vijiti, na amri ya kuhama ikamkuta kitandani. Waliokuwa na karatasi walionyeshwa mahali pengine pa kujenga. Kisilu hakuwa na karatasi. Walimpakia kwenye mkokoteni mpaka stesheni, na Nzilani, aliyekuwa na umri wa kubeba mzigo mkubwa, alitembea nyuma akitazama juu. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kama siku nyingine yoyote.

Walifikia Mbumbuni kwa Muli, mdogo wake Kisilu, ambaye alikuwa hajamwona kaka yake tangu ujana. Muli na mkewe Syokau waliwapokea vizuri. Waliondoa mahindi na kunde katika ghala moja wakalifagia, Kisilu na Mbula na Nzilani wakalala humo. Ilikuwa iwe kwa muda mfupi tu.

Muda ukarefuka. Muli alimwonyesha kaka yake mahali pa kujenga, juu ya mto, penye mawe lakini pazuri. Kisilu alikasirika. "Unanionyesha kiwanja kama mtu asiye na kwake? Nyumba yangu ipo. Mizinga inailinda. Mguu ukipona ninarudi." Hakusimamisha hata nguzo moja. Na mke hawezi kujisimamishia nyumba mumewe akiwa hai amekaa kitako. Angekuwa amemtukana mbele ya ukoo mzima. Mbula alipikia kwenye mafiga ya Syokau, akingoja Syokau amalize kwanza. Syokau hakumwambia neno baya. Lakini mwanamke anayengoja moto wa mwenzake hahitaji kuambiwa neno.

Nzilani naye alikuwa na yake. Watoto wa Muli walikwisha kupata habari za chaza na kaa.

"Mla-kaa! Ni kweli walikuwa wanakutambaa tumboni?"

"Wanatambaa mpaka leo," alijibu. "Njoo uweke sikio." Na mmoja akaja kweli, akapigwa kofi la sikio, wakaheshimiana tangu siku hiyo.

Mwaka uliofuata Mbula alikuwa mjamzito. Nzilani alimsikia akizungumza na mumewe nje ya ghala, sauti yake ya chini kuliko kawaida.

"Baba Nzilani, mimi sizalii katika ghala la mtu."

"Utazalia kwetu, kule chini."

"Lini?"

"Maua ya mikoko yakiisha. Nitamtuma Muli akarine, ili wajue hatujaacha. Mzinga usiorinwa ni mzinga wa aliyekufa. Aende na Nzilani, ajue miti yote. Wakirudi na asali, mguu huu utakuwa umepona, na sisi tunakwenda."

"Na wakirudi bila asali?"

"Kwa nini warudi bila asali?"

Asubuhi ya safari, Mbula alimfunga binti yake kitambaa kichwani na kumkazia fundo kuliko ilivyohitajika. "Angalia vizuri," alimwambia. "Utakachokiona ndicho utakachokisema. Unasikia?"

"Nasikia, mwaitu," alimjibu mamake kwa Kikamba.

Muli alikuwa mtu wa mzaha, na gari moshi lilimzidishia. Hakuwa ameona bahari. Walipotelemka stesheni, jua limepanda, wakafika mahali ambapo mkono wa bahari unaonekana kati ya vilima, alisimama, akashika kiuno.

"Ni nani anayeyachunga maji yote haya?"

"Yanajichunga, baba mdogo."

"Yasipotee?"

"Yanakwenda, yanarudi."

"Basi yana akili kuliko mbuzi wangu."

Nzilani alicheka, na alikuwa bado na kicheko mdomoni walipofika kwenye barabara. Barabara hiyo hakuijua. Ilikuwa pana, nyekundu, imenyooka, imepita mahali ambapo njia ya kisimani ilipaswa kupinda. Aliifuata kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Mbele palikuwa na waya wa seng'enge, na nyuma ya waya matangi ya chuma, meupe, makubwa kama vilima, yanang'aa mpaka macho yakamuuma. Chini yake ardhi ilikuwa imekwanguliwa ikawa kama sakafu.

"Ni hapa?" Muli aliuliza.

Nzilani alitafuta. Alitafuta mkwaju wa kisimani, halafu mikorosho, halafu kile kichaka kilichotenga kwao na kwa Bi Mumina. Hapakuwa na kitu kilichosimama cha kuanzia. Alijua tu kwamba amefika kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa na harufu ya matope ilikuja ikamjaa kifuani, ile ile, haikuchongwa wala haikukwanguliwa. Alisimama kando ya waya, akasema moyoni, hapa ndipo mwaitu alipokuwa akipikia. Kisha akasogea kidogo, akasema, la, ni hapa. Akasogea tena.

Langoni palikuwa na askari amekaa juu ya gogo. Muli alimsalimu kwa heshima, kisha akainama kama aliyeangusha kitu. Ubavuni mwa gogo palikuwa na upinde na mistari miwili.

"Bwana askari," alisema, "hicho ulichokalia ni mzinga wa mtu."

Askari aliinuka, akautazama, akakaa tena. "Ulikuwa wa mtu. Ilikuwa mingi. Mingine imepikiwa ugali wa vibarua."

"Ina alama ya mwenyewe."

"Mzee, hapa alama ni huu waya. Ukiwa nje yake, huna kitu ndani yake." Hakusema kwa ubaya. Aliwaelekeza hata mahali walipohamia Wadigo.

Bi Mumina alimpakata Nzilani kama mtoto mdogo, ingawa miguu ya msichana ilifika chini. Aliwapa chai na vitumbua, na kwa kuwa hakuweza kuona huzuni bila kuitafutia dawa, aliwasimulia siku ya kukata miti.

"Walianza na ule mbambakofi mkubwa. Mzinga wa kwanza ukaanguka, wa pili ukaanguka. Wallahi, nilisikia mngurumo nikidhani ni treni! Nyuki wakatoka wote pamoja. Vibarua mbio, msimamizi mbio, yule mzungu mwenye miwani mbio, wakajitupa baharini na kofia zao. Na maji yalikuwa yamekupwa! Wakazama kwenye matope hadi mapajani. Siku kadhaa hakuna aliyesogea pale. Walirudi na moshi, usiku, kama wezi. Mwambie babako. Mwambie miti yake haikukatwa hivi hivi tu."

Katika treni ya kurudi, kibuyu kikiwa kitupu kati ya magoti yake, Muli alikuwa akikigongagonga kwa kidole. Mwishowe akasema, "Pale stesheni ya Sultan Hamud kuna mtu anauza asali. Tukijaza hiki, tumwambie ni ya kule. Atafurahi. Nani atajua?"

"Yeye. Asali ya huku bara haina chumvi."

"Atafikiri ulimi wake umezeeka."

Nzilani alitazama nje, ambako nyika ilikuwa ikipita, kavu, miba mitupu. Alifikiri kwamba pengine baba mdogo amesema kweli, kwamba baba angetaka kuamini, na angeamini. Angelamba, angetabasamu, angengoja mguu, angengoja msimu mwingine. Na mwaitu angengoja naye, ghalani, tumbo likikua.

"Hapana, baba mdogo," alisema. "Tusinunue."

Kisilu aliwangoja nje, ameegemea mkongojo, Mbula mlangoni mwa ghala akipukuchua mbaazi. Hakuwauliza habari za safari. Alinyoosha mkono, akapokea kibuyu, akakitikisa karibu na sikio.

"Kikavu."

"Ndiyo, baba."

Akakitikisa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya upole kuliko zote alizowahi kumsikia nazo, "Maua hayakuchanua vizuri mwaka huu, eh? Hutokea. Mvua ikichelewa, hutokea."

Nzilani aliona kwamba amefunguliwa mlango. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Muli alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Mikono ya Mbula ilikuwa imesimama juu ya uteo.

"Maua hayapo, baba. Wamekata."

"Wamekata upande gani?"

"Pande zote."

"Mkwaju wa kisimani?"

"Umekatwa."

"Mikorosho, hawawezi kukata mikorosho, ile inazaa."

"Imekatwa. Pamekuwa peupe. Mizinga wamepikia. Mmoja askari ameukalia langoni."

Kisilu alikaa chini taratibu juu ya jiwe, mguu mbaya mbele. Nzilani aliogopa uso wake, akaanza kumsimulia haraka habari za nyuki: mngurumo, kofia, mzungu wa miwani aliyezama kwenye matope. Kisilu alisikiliza. Kona ya mdomo wake ikatikisika. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu, na Muli akacheka naye, wakarudiarudia, "Na maji yalikuwa yamekupwa!" Hata Mbula aliziba mdomo kwa leso.

Kicheko kilipoisha, Kisilu alipangusa macho. "Na nyumba?"

"Sikuiona, baba. Nilitafuta hata kizingiti. Nilisimama mahali nikafikiri ni hapo, nikasogea nikafikiri ni hapo. Sijui tulikaa wapi." Hapo alilia kwa mara ya kwanza tangu waondoke pwani, si kwa ajili ya nyumba, bali kwa sababu yeye, aliyeijua kila njia gizani, alisimama pale mchana kweupe kama mgeni.

Kisilu alimwacha alie. Alimshika kisigino, kilichokuwa karibu na mkono wake, akakishikilia. Baada ya muda alimgeukia mdogo wake.

"Muli. Ile sehemu yako yenye mawe, juu ya mto. Unailima?"

"Mawe hayalimwi."

"Basi nipe."

"Nilikupa mwaka jana. Ukaniambia nakutukana."

"Nitukane tena."

Walianza na nguzo kabla ya mvua. Kisilu hakuweza kupanda juu, kwa hiyo alikaa chini akifunga fito kwa kamba, akiwapigia kelele walioezeka kwamba wanaezeka kama Wadigo. Mbula aliyateua mafiga yake mwenyewe mtoni, akayabeba na tumbo lake lile, akamkataza kila mtu kumsaidia. Mtoto alizaliwa humo wakati wa palizi, wa kiume. Kisilu alimwita Muthama, jina apewalo mtoto wa watu waliohama.

"Lakini tumekwisha kuhama," Mbula alisema.

"Ndiyo sababu," Kisilu alijibu. "Nisingempa jina hilo kabla."

Alitundika mizinga tena, michache, kwenye migunga ya mtoni. Asali yake ilikuwa nyepesi na ya rangi ya majani makavu. Alikula bila kuisifu. Nzilani aliolewa hapo hapo Mbumbuni, akalima, akauza nafaka, akazika wazazi wake wote wawili juu ya mto. Bahari hakuiona tena. Alipoulizwa na wajukuu kwa nini hakurudi hata kutembea, alisema kule hana pa kusimama, lakini maji yale anajua yalipo.

Macho yake yalipopungua nguvu, watoto wake waliamua asikae peke yake. Nzilani sasa anaishi Nuu, mbali na soko la Mbumbuni, kwa bintiye Mutindi, katika nyumba ya mabati nyuma ya kanisa.